Buruji Katika Kofia ya Keya

Katika baadhi ya nyumba za mpakani, kuanzia Sop Sop na Tororo upande wa Uganda hadi Busia kwenye pande zote mbili, kipo kipande kidogo cha shaba ambacho watoto wamekichezea na wazee wamekificha. Kina umbo la pembe iliyopindwa, ikining'inia kwa kamba. Wengine hudhani ni pembe ya ng'ombe. Wengine hudhani ni alama ya posta. Kumbe ni beji ya kofia ya Keya, yaani askari wa rejimenti ya wakoloni iliyoitwa King's African Rifles, kwa kifupi KAR, ambayo midomo ya Waswahili ililainisha herufi zake tatu zikawa neno moja.

Pembe hiyo ni buruji, tarumbeta fupi la askari. Yafaa familia ya askari, au ya polisi, ifahamu buruji hiyo ilitoka wapi, ilimwita nani, na ni jambo gani ambalo haikulisema. Maana kila anayevaa sare leo anavaa pia nembo, na nembo isiyofahamika na mvaaji wake ni kipande cha bati tu.

KWA NINI BURUJI?

Waswahili husema: Mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Mbiu ni pembe ya mnyama iliyopulizwa kuwakusanya watu wa mji kusikiliza amri au habari ya hatari. Huko Lamu na Pate ilikuwapo siwa, ya shaba na ya pembe za ndovu, ambayo haikupulizwa ovyo bali katika shughuli za wakubwa wa mji. Katika Bunyoro na Ankole palikuwa na amakondere, pembe za kifalme. Hivyo basi, mtu wa Afrika Mashariki hakuhitaji kufundishwa kwamba sauti ya pembe ni sauti ya mamlaka.

Lakini buruji ya Keya haikutoka Lamu wala Bunyoro. Ilitoka Ulaya. Katika karne ya 18 majeshi ya dola za Kijerumani yaliwaandikisha wawindaji wa misituni, waliokuwa na shabaha nzuri na waliozoea kupashana habari kwa pembe. Jeshi la kawaida la siku zile lilisimama bega kwa bega katika mistari iliyonyooka, likiongozwa kwa ngoma. Wawindaji hawakupigana hivyo. Walitawanyika, wakajificha nyuma ya miti na mawe, na kila mmoja akalenga mtu wake. Mtu anayetambaa kwa tumbo hawezi kubeba ngoma; lakini anaweza kubeba pembe, na sauti yake kali hufika mbali kuliko sauti ya mkubwa anayepaza amri.

Waingereza waliuiga mtindo huo. Mwaka 1800 waliunda kikosi cha kujaribu bunduki mpya, ambazo mtutu wake ulichongwa ndani mifuo ya mzunguko ili risasi izunguke na kwenda mbali bila kupotea. Bunduki hizo kwa lugha yao ni "rifles", na vikosi vilivyozitumia vikachukua jina hilo. Askari wake walivaa kijani kibichi cha kuiva, na badala ya ngoma wakafuata buruji. Tangu hapo buruji iliyofungwa kamba ikawa alama ya askari mwepesi, mwenye shabaha, anayeweza kupigana mbali na wenzake.

Wakoloni walipoyapa majeshi yao ya Afrika Mashariki jina hilo la "Rifles", buruji ilikuja pamoja na jina. Ndani ya mkunjo wa buruji, au pembeni yake juu ya kofia, ikawekwa nambari ya batalioni. Kwa hiyo beji ilisema maneno mawili tu: askari huyu ni wa jeshi la bunduki, na batalioni yake ni ya ngapi.

MWAKA MMOJA, KAZI MBILI

Nambari hiyo ndiyo inayogusa hasa watu wa Busia na Tororo.

Tarehe 1 Januari 1902, serikali ya Uingereza iliunganisha majeshi yake madogo ya sehemu hizi kuwa rejimenti moja. Jeshi la Afrika ya Kati, lililotoka nchi ambayo leo ni Malawi, likatoa batalioni ya kwanza na ya pili. East Africa Rifles, la nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, likawa batalioni ya tatu. Uganda Rifles likawa batalioni ya nne. Batalioni ya tano ilitokana na askari wa Kihindi waliokuwa Uganda, na ya sita ilikuwa ya Somalia ya Waingereza. Ndivyo ilivyozaliwa King's African Rifles.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 1 Aprili 1902, kalamu ileile ya wakoloni ilifanya kazi ya pili. Kabla ya siku hiyo Uganda haikukomea Mto Malaba wala Mto Sio. Ilienea mashariki hadi Naivasha, na nchi yote ya Mumias, Busia, Kisumu na Nandi ilihesabiwa kuwa Uganda. Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu, na watawala wakaona afadhali reli yote iwe chini ya serikali moja. Basi jimbo la mashariki la Uganda likakatwa na kuhamishiwa upande wa pili. Wateso wakajikuta wako katika nchi mbili. Wasamia vilevile. Mtu aliyelala Uganda aliamka katika himaya nyingine bila kuhamisha hata chungu chake.

Hivyo mwaka 1902 uliunganisha majeshi na kutenga watu. Tangu hapo ndugu wawili wa ukoo mmoja, wenye mashamba yanayotazamana, waliweza kuvaa buruji moja zenye nambari mbalimbali: huyu 3, yule 4. Buruji ilisema ni askari wa Mfalme mmoja. Nambari ilisema kila mmoja na upande wake wa mstari ambao hakuna mzee wa ukoo aliyeulizwa kabla ya kuchorwa.

TARBUSHI NA NENO AFANDE

Beji haikukaa juu ya kitu kitupu. Ilikaa juu ya kofia, na kofia nayo ina historia yake. Kabla ya mwaka 1914, vazi la askari wa KAR lilikuwa fulana nzito ya buluu iliyokolea, kaptura ya kaki, mshipi mpana wa kitambaa na tarbushi nyekundu. Katika safari za vita tarbushi ilivikwa kitambaa cha kaki ili adui asiione kwa mbali. Na katika tarbushi hizo, nambari za baadhi ya batalioni ziliandikwa kwa tarakimu za Kiarabu. Ndiyo maana aliyezoea tarakimu za shuleni huweza kuitazama nne ya Kiarabu akadhani ni tatu iliyogeuzwa.

Tarbushi na tarakimu hizo zilifikaje kwa watu wa Ziwa Victoria? Jibu liko Sudani. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta huko Kavalli, karibu na Ziwa Albert, askari wa Kisudani walioachwa nyuma na utawala wa Misri baada ya Emin Pasha kuondoka. Walikuwa na wake zao, watoto wao na wafuasi wengi. Lugard akawaandikisha, na wao ndio waliokuwa uti wa mgongo wa jeshi la Uganda lililopewa jina Uganda Rifles mwaka 1895. Walikuja na tarbushi za Misri, amri za Kituruki na Kiarabu, na desturi za kambi ambazo wazao wao, Wanubi wa Bombo na kwingineko, wanazikumbuka.

Walikuja pia na neno "efendi", ambalo katika jeshi la Misri lilikuwa heshima ya mkubwa. Kiswahili kililichukua, kikaligeuza likawa "afande". Leo kuruta wa polisi akipiga saluti na kusema "Ndiyo, afande," anatumia neno lililopita njia ileile ya tarbushi: kutoka kwa Waturuki hadi Misri, kutoka Misri hadi Sudani, na kutoka Sudani hadi kwenye kambi za Afrika Mashariki.

Askari hao hawakuwa watu wa kupelekwa tu kama mizigo. Mwaka 1897 walichoshwa na mishahara midogo iliyochelewa, na safari zisizokwisha, na amri ya kuondoka tena bila wake zao. Baadhi yao wakaasi huko Ravine, wakaelekea magharibi hadi ngome ya Lubwa katika Busoga, ambako Meja Thruston aliuawa. Uasi ulizimwa kwa damu nyingi na kwa msaada wa askari walioletwa kutoka India. Lakini baada yake mishahara ilipandishwa. Kwa hiyo rejimenti iliyoundwa mwaka 1902 ilizaliwa na kumbukumbu ya uasi huo ubavuni mwake, na wakubwa wake walijua kwamba aliyefunzwa kuitika buruji aweza pia siku moja kukataa kuitika.

ILIMWITA NANI, JUU YA NANI?

Mbiu ikilia kuna jambo. Lakini jambo la nani? Hapo ndipo nembo ya Keya inapotofautiana na siwa ya mji. Siwa ilipulizwa kwa ajili ya mji wake. Buruji ya Keya ilipulizwa kwa shauri la watawala, na mara nyingi ilipulizwa juu ya jirani wa yule aliyeitwa.

Mwaka 1903 askari wa batalioni ya pili, vijana wa Nyasa waliovushwa bahari, waliangamizwa huko Gumburu wakipigana na watu wa Sayyid Mohammed Abdullah Hassan wa Somalia, ambaye hakuwa amewakosea lolote. Mwaka 1905 KAR ilipelekwa juu ya Wanandi waliokuwa wakiizuia reli, na mnamo tarehe 19 Oktoba mwaka huo Koitalel arap Samoei, kiongozi wao, aliuawa na Meinertzhagen, ofisa wa batalioni ya tatu, katika mkutano ulioitwa wa amani. Katika miaka ya 1950 batalioni za KAR, ikiwamo ile ya nne kutoka Uganda, zilitumwa kwenye misitu ya Mlima Kenya na Aberdare kupigana na Mau Mau.

Katika misitu hiyo ilionekana kwamba nembo haiwezi kuufunga moyo wa mtu milele. Waruhiu Itote alikuwa amevaa sare ya KAR na kupigana Burma dhidi ya Wajapani. Aliporudi nyumbani, elimu aliyoipata chini ya nembo hiyo aliitumia juu ya wenye nembo, akajulikana kwa jina la Jenerali China.

KICHWANI SHABA, MIGUUNI VUMBI

Hata hivyo ingekuwa dhuluma kumhesabu Keya kuwa chombo tu cha wakoloni. Alikuwa mtu mwenye ushujaa wake, na sifa ya rejimenti hiyo ilijengwa kwa mwili wake.

Vita vya mwaka 1914 vilipoanza, KAR ilikuwa na batalioni tatu tu, askari wapatao 2,000 na zaidi kidogo. Vilipokwisha mwaka 1918 ilikuwa na batalioni 22 na askari zaidi ya 30,000. Walimfuata Jenerali von Lettow-Vorbeck na askari wake kupitia Tanganyika na Msumbiji hadi nchi ambayo leo ni Zambia. Katika Vita Kuu ya Pili walipigana Ethiopia mwaka 1941, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka Bonde la Kabaw huko Burma katika mvua za masika ya Asia, ikafika Mto Chindwin mwezi Desemba. Divisheni hiyo ilikuwa na alama yake yenyewe begani: kichwa cha kifaru. Hapo angalau askari alibeba mnyama wa kwao.

Sasa na tutazame sare kuanzia juu hadi chini. Juu, beji ya shaba iliyosuguliwa mpaka ikang'aa, maana beji yenye doa ilikuwa kosa la kuadhibiwa. Chini, miaka mingi ya mwanzo, askari alitembea pekupeku au kwa ndara, kwa hoja ya wakubwa kwamba Mwafrika hakuzoea viatu. Adhabu ya viboko, ambayo jeshi la Uingereza lenyewe lilikuwa limeifuta mwaka 1881, iliendelea juu ya mgongo wa Keya kwa miongo kadhaa baadaye. Mwafrika hakufika kwenye uofisa kamili mpaka miaka ya mwisho ya ukoloni. Beji ilimpandisha mtu kichwa mbele ya wanakijiji. Ndani ya kambi ilimkumbusha mahali pake.

Na wako waliokosa hata beji. Nyuma ya kila askari wa mwaka 1914 walikuwapo wapagazi waliobeba unga, risasi na majeruhi. Walikusanywa kwa mamia ya maelfu, wengi wao kutoka nchi za kandokando ya ziwa, na makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la jeshi lao, Carrier Corps, limebaki katika mitaa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi. Mjini Nairobi, katika sanamu za mashujaa zilizosimamishwa mwaka 1928, mpagazi amewekwa pamoja na askari. Lakini kofia yake haikuwa na buruji.

BERAMU ZILIPOBADILIKA

Malkia Elizabeth alipopokea ufalme mwaka 1952, jina la rejimenti halikubadilika. Iliendelea kuitwa ya Mfalme. Kilichoibadilisha hatimaye ni uhuru. Tarehe 9 Desemba 1961 batalioni ya 6 na ya 26 zilikuwa Tanganyika Rifles. Mwaka 1962 batalioni ya nne iliyokuwa Jinja ikawa Uganda Rifles, ikilirudia jina la mwaka 1895. Tarehe 12 Desemba 1963 batalioni ya 3, ya 5 na ya 11 zikawa Kenya Rifles.

Kubadili jina kulikuwa rahisi kuliko kubadili mambo. Januari 1964, kati ya tarehe 20 na 24, askari waliasi Dar es Salaam, kisha Jinja, kisha Lanet, wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kizungu waliobaki. Kila serikali ilichukua njia yake. Tanganyika ilivunja jeshi lake lote, na mwezi Septemba mwaka huohuo Jamhuri ya Muungano ikaanzisha Jeshi la Wananchi. Kambi iliyoitwa Colito, kwa kumbukumbu ya ushindi wa KAR huko Ethiopia mwaka 1941, ikapewa jina Lugalo, mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Kenya iliivunja batalioni ya 11. Lakini batalioni ya 3 na ya 5 za Kenya Rifles ziliendelea na nambari zao, hata leo. Taji limeondoka, Mfalme ameondoka, nambari imebaki.

Na ule mstari wa mwaka 1902 nao umebaki. Mwezi Februari 1976 Idi Amin, aliyekuwa ameingia batalioni ya nne ya KAR mwaka 1946 na kupanda hadi kuwa efendi na kisha ofisa, alisimama akiwa Rais wa Uganda na kutangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa zamani nchi ya Uganda. Alikuwa akiisoma ramani ya kabla ya tarehe 1 Aprili 1902. Hofu ilitanda mpakani, kwa maana ingekuwa vita ya wenye 3 na wenye 4, majeshi mawili yaliyotoka tumbo moja, na uwanja wake ungekuwa mashamba ya Busia na Tororo. Kwa bahati njema haikuwa vita. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, ikafufuka mwaka 2000, na mwaka 2018 marais wa nchi mbili walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani hapo Busia. Ukoo uliogawanywa kwa kalamu umeendelea kuoana, kuzikana na kununuliana ng'ombe kuvuka mstari huo, nambari au hakuna nambari.

JAMBO AMBALO BEJI HAIKULISEMA

Tukiirudia sasa ile shaba ndogo, tutaona kwamba inasema mengi: desturi ya wawindaji wa Ulaya, tarakimu za Waarabu, amri ya Mfalme, nambari ya batalioni. Kitu kimoja haisemi. Haisemi jina la aliyeivaa.

Upungufu huo haukuwa wa beji peke yake. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti yake yenyewe, ikakiri kwamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza watu wasiopungua 116,000 waliokufa, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Makaburi ya maofisa yaliwekwa mawe yenye majina. Askari wengi wa Kiafrika na wapagazi walipewa sanamu moja ya pamoja. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Lakini radhi haimrudishi mtu jina lake. Jina linarudishwa na aliye nalo, na aliye nalo ni familia.

Kwa hiyo nyumba yenye beji ya Keya ina kazi ndogo ya kufanya, na kazi hiyo haihitaji fedha.

Kwanza, beji isisuguliwe kwa mchanga, jivu wala ndimu. Askari waliisugua kila siku kwa amri ya sajenti. Leo kila msuguo unakula nambari, na nambari ikifutika ushahidi umefutika. Kitambaa laini na kikavu kinatosha. Ihifadhiwe mahali pakavu, mbali na chumvi na moshi wa jikoni.

Pili, itazamwe vizuri mbele na nyuma. Nambari, ikiwapo, huonyesha batalioni, ya tarakimu za kawaida au za Kiarabu. Kama pamoja nayo kuna vifungo au alama zenye taji, umbo la taji husaidia kujua wakati: katika alama za majeshi ya Uingereza, taji lenye matao yaliyoviringana vizuri ni la wafalme wa kabla ya 1952, na lile lenye matao yaliyobonyea katikati ni la wakati wa Malkia Elizabeth. Nishani za Vita Kuu ya Kwanza zina faida zaidi, kwa kuwa ukingoni mwake mlichongwa nambari ya askari, cheo na jina. Nishani kama hiyo isiyeyushwe wala isiuzwe kabla maandishi yake hayajanakiliwa.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mzee mwenye kumbukumbu aulizwe leo, na majibu yaandikwe kwa kalamu kwenye karatasi itakayowekwa pamoja na beji: jina kamili la aliyeivaa, jina la baba yake, ukoo na kijiji, mahali alipoandikishwa, nchi alizofika, na kama hakurudi, habari za mwisho zilizosikika. Jina la mkewe nalo liandikwe, kwa maana ndiye aliyelima shamba wakati buruji ilipomwita mume. Kama ukoo una mpagazi ambaye hakuachiwa beji wala nishani, jina lake liandikwe juu ya karatasi hiyohiyo, na liandikwe la kwanza.

Wafanyabiashara wa vitu vya kale hununua beji hizi na kuzipeleka mbali, zikawekwa katika makabati ya watu wanaojua kila kitu juu ya aina ya shaba na namna ya vishikizo vyake. Mwenye shida hawezi kulaumiwa kwa kuuza, kwani mkono mtupu haulambwi. Lakini shaba iliyouzwa bila jina imekuwa shaba tu, na shaba iliyoachwa kwa mjukuu pamoja na karatasi ya majina ni urithi.

Askari na polisi wa leo, wa pande zote mbili za mpaka, wanavaa nembo zenye ngao, mikuki na ndege wa nchi zao wenyewe. Mbiu ikilia sasa, jambo ni la mji wao. Hiyo ndiyo tofauti kati yao na Keya, nayo ililipiwa gharama kubwa. Kijana anayeiweka beji yake kofiani asubuhi na kwenda lindoni Malaba au Busia afadhali ajue ni nani katika ukoo wake aliyefanya hivyo kabla yake, chini ya buruji ya mtu mwingine, na aweze kumtaja kwa jina.